Nguruwe Aliyeitwa Refa

Mpaka leo nikimwona mtu aliyevaa beji ya dhahabu kwenye ukosi wa koti, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Beji ile ilikuwa ya Chama. Sisi tulikiita Chama tu, kana kwamba duniani hakuna kingine. Jina lake kamili lilikuwa refu kama treni ya mahindi. Ndani yake mlikuwa na jimbo, mna shule za sekondari, mna michezo, na mwisho kabisa mna neno "maadili", na hilo la mwisho ndilo lililonichekesha siku zote. Jimbo lenyewe silitaji. Bado naishi humu, na wao bado wana mawakili.

Chama ndicho kilichoamua nani acheze na nani asicheze, ligi ipi iwe na shule zipi, soksi ziwe na mistari mingapi. Enzi za akina mama wa wasichana ninaowasimulia hapa, Chama kilipiga marufuku wasichana kucheza mpira wa kikapu. Eti wakiruka-ruka, kizazi kitadondoka. Ardith Kudrna, jirani yangu, aliyekuwa na urefu wa kuning'iniza taa bila ngazi, aliambiwa hivyo na mtu mwenye beji, mbele ya darasa zima. Ardith akarudi nyumbani, akaolewa, akazaa watoto sita, akabeba magunia ya mbegu begani kila masika, na hakuna kilichodondoka. Lakini hakucheza. Siku akitaja jambo hilo alikuwa akikunja mdomo kama mtu aliyemeza nzi.

Mji wetu ni Zeleny, uliojengwa na Wacheki, wahamiaji kutoka Ulaya waliochoka kutembea. Tambarare ya kwetu ni tambarare kweli. Mbwa wako akitoroka nyumbani, utamwona akikimbia mpaka juma la pili, na ukimwita atakugeukia akutazame kwa dharau. Mimi nilifanya kazi kwenye ghala la nafaka hadi nikastaafu, na tangu hapo kazi yangu ni kusema kweli kwa kiasi. Jina langu ni Ladislav Brychta. Watoto huniita Babu Lad.

Twila Kudrna alikuwa kitinda mimba wa Ardith. Alirithi urefu wa mama yake na mikono ya baba yake, mikono mipana kama masepetu. Mpira ukigonga ubao ukarudi, ulikuwa wake. Wenzake walikuwa wakiuomba kwa adabu. Mwaka wake wa mwisho wa shule, timu yetu ya wasichana ilifuzu kwa mashindano ya jimbo kwa mara ya kwanza tangu mji upate umeme. Twila hakuwa na tamaa kubwa. Alitaka jambo moja: kukanyaga sakafu ile ya ukumbi mkuu wa jiji, mama yake akiwa amekaa anamtazama. Basi.

Sasa nguruwe.

Kila Agosti, kwenye maonyesho ya kaunti, tuna mchezo wa kumkamata nguruwe aliyepakwa mafuta. Atakayemkamata anakwenda naye nyumbani. Ndiyo desturi, na hakuna aliyewahi kuiandika. Mpakaji ni mimi. Mwaka ule nilimpaka mmoja, dume jekundu mwenye macho ya mkopeshaji, mpaka nzi akimtulia anateleza anavunjika mguu. Tulipofungua kizuizi, yule mnyama alitoka kwa kasi hata kivuli chake kikabaki kikiuliza njia. Vijana wa timu ya mpira wa miguu, wenye shingo kama visiki, walimrukia wakakumbatiana wao kwa wao. Kisha nikamwona Twila amelala tumboni kwenye tope, mkono mmoja mbele, ametulia kama mtu aliyelala usingizi. Nguruwe kapiga kelele. Mguu wa nyuma ulikuwa umekwisha kunaswa.

"Umefanyaje?" nikamuuliza, nikimfuta tope masikioni.

"Watu wanambana, Babu Lad. Ukimbana anateleza. Unakunja vidole nyuma ya kiungo, huminyi, halafu unangoja achoke."

Akampa jina Refa, kwa sababu alikuwa akilia kama filimbi, na kila mara baada ya tukio kupita. Refa akanenepa. Kufika Oktoba alikuwa mkubwa kiasi kwamba akigeuka zizini inabidi ng'ombe wasogee kwanza.

Na Oktoba ndiyo ikawa zamu ya Zeleny kuwakaribisha wakubwa wa Chama. Kila mwaka ligi yetu ya shule ndogo huwaandalia karamu, kila mji kwa zamu, na mji ukiwalisha vibaya, marefa wanaopangiwa mji huo hupata upofu wa ghafla. Hilo nalo halijaandikwa. Mji wetu ulikuwa umepigwa na mvua ya mawe na hakuna aliyekuwa na cha kutoa. Twila akamtoa Refa. Alilia kidogo nyuma ya banda, akanawa uso, akaja kupakua.

Niliwaona wakila. Nisamehe, msomaji, kama uko mezani. Mkuu wao, Merle Stangland, alikuwa mtu laini, mwenye mashavu yanayong'aa na vidole vifupi, na alikula kama mtu anayeficha ushahidi. Mafuta yalimtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akayafuata kwa ulimi. Akarudia mara ya pili, akarudia ya tatu. Mkate wa mdalasini ukapangusa sahani mpaka maua yaliyochorwa yakafifia. Kando yake alikuwa Prentice Hale, mkuu wa michezo wa Highcrest, shule ya watu wenye nazo kule jijini, ambayo wasichana wake warefu walihamia kutoka kaunti za mbali ghafla ghafla, na baba zao, kwa bahati ya ajabu, wakapata kazi palepale. Hale alinyonya mifupa ya mbavu na kuipanga ukingoni mwa sahani kama meno.

Stangland akamshika Twila mkono kwa vidole vyake vyenye mafuta. "Binti, sijawahi kula kitu kitamu namna hii."

"Ahsante bwana. Anaitwa Refa."

Wakacheka wote.

Machi ikaja. Tukafuzu, ratiba ikapangwa, na mechi yetu ya kwanza ikawa dhidi ya Highcrest. Siku ya pili yake simu ikalia shuleni. Mwalimu Teply, kocha wetu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamsha waliozikwa, akaja nyumbani kwangu mbio.

"Mzee Lad, vaa viatu. Wamemfungia Twila."

"Kwa kosa gani?"

"Nguruwe."

Ilikuwa hivi. Kanuni za Chama zinasema mchezaji wa shule asipokee kitu chochote kwa ustadi wa mwili wake, isipokuwa medali, kikombe, au herufi ya kitambaa ya kushonea kwenye koti. Akipokea, amejiuza. Hale alikuwa amepata gazeti la kaunti la Agosti, lenye picha ya Twila akimkumbatia Refa, wote wawili wamepakwa tope, wote wawili wanacheka. Akalipeleka kwa Chama kwa moyo mzito, alivyosema. Moyo mzito, mbavu za Refa bado ziko tumboni!

Tukaenda jijini kwa gari langu: mimi kama shahidi, Mwalimu Teply, Twila na Ardith mama yake. Ofisi ya Chama ilikuwa na zulia nene hivi kwamba niliingia na viatu nikatembea kwa matumaini ya kutoka navyo. Kamati imekaa upande wa pili wa meza, Stangland katikati, na kuume kwake, beji ikimeta, amekaa Hale.

"Samahani wakubwa," nikasema. "Huyu si ndiye mlalamikaji? Mbona amekaa upande wa mahakimu?"

"Bwana Hale ni mjumbe wa kamati tangu zamani," akajibu Stangland.

"Na mbweha ni mjumbe wa banda la kuku tangu zamani."

"Mzee wangu, jibu unachoulizwa. Wewe ndiye uliyempaka mnyama mafuta?"

"Ndimi."

"Mafuta gani?"

"Ya nguruwe."

"Mlimpaka nguruwe mafuta ya nguruwe?"

"Ya shangazi yake, pengine. Hatukumuuliza ukoo."

Mwalimu Teply akanikanyaga chini ya meza. Stangland akapangusa mdomo, ingawa hakuwa akila kitu. "Na je, kwa maoni yako, kumkamata mnyama wa aina hiyo kunahitaji ustadi wa mwili?"

"Mlete mmoja hapa kwenye zulia, bwana mkubwa, ujaribu."

Wakanivua ushahidi hapo hapo. Wakamgeukia Twila. Stangland akalainisha sauti ikawa kama siagi iliyoachwa juani. "Binti, Chama hakina ukatili. Kanuni inasema zawadi ikirudishwa, kosa linafutika. Mrudishe nguruwe, ucheze."

"Harudishiki."

"Kwa nini? Yuko wapi?"

"Mmemla."

Nilisikia tumbo la mtu likinguruma, na naapa lilinguruma kwa sauti ya filimbi.

"Ile karamu ya Oktoba," akaendelea Twila, bila kejeli yoyote, kama anamwelekeza mgeni njia. "Wewe ulirudia mara tatu. Bwana Hale alipenda mbavu. Nilikwambia anaitwa Refa, mkacheka."

Hale akakohoa. Wakainuka wote, wakaenda chumba cha pili, wakafunga mlango. Tulisikia minong'ono kama panya ndani ya gunia. Waliporudi walikuwa wanatabasamu. Mtu wa Chama akikunja uso unajua ulipo. Akitabasamu, kagua mifuko yako, kisha mkague na mwanao.

"Tumetafakari," akasema Stangland. "Hakuna anayetaka habari hizi zisambae: wakubwa wa Chama na zawadi ya mchezaji katika sahani moja. Haipendezi. Sasa, tuseme nguruwe alikuwa amechoka. Tuseme binti alikuwa amelala tu pale kwenye tope. Nguruwe akamfuata. Alijileta mwenyewe. Kitu kilichojileta si zawadi, na kisichokuwa zawadi, mtu yeyote anaweza kukila. Unaona, mwanangu? Useme tu maneno mawili mbele ya kamati, 'alijileta mwenyewe', na Alhamisi uko uwanjani."

Mimi ningesema. Nimedanganya kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nimewahi kudanganya kwa kikombe cha kahawa. Nikamkonyeza Twila. Mwalimu Teply alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri. Ardith hakumtazama binti yake. Alikuwa anaitazama ile beji.

"Nilimkamata," akasema Twila.

"Fikiri vizuri, binti."

"Nimefikiri. Mguu wa nyuma, wa kushoto. Nilimkamata mimi."

"Basi umejifungia mwenyewe," akasema Hale, na hakuweza kuficha furaha yake. Ilimtoka usoni kama jasho.

Tukapanda gari, tukapita maghala ya kwanza. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. "Maneno mawili tu, mjukuu wangu! Mimi kila siku nasema mia mbili ya namna hiyo na bado nalala."

"Wewe unasema uongo ili watu wacheke, Babu Lad. Hawa wanataka niseme sikufanya nilichofanya, ndipo waniruhusu kufanya kingine."

Ardith akasema polepole, akitazama mashamba, "Nilitaka nikuone kwenye sakafu ile."

"Utaniona, mama."

"Utaonekanaje nawe umefungiwa?"

Hapo Mwalimu Teply akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. "Kanuni zao nazijua. Aliyefungiwa hachezi. Hakuna palipoandikwa habebi maji."

Siku ya Alhamisi, Zeleny nzima ilikwenda jijini. Mtu aliyebaki ni yule aliyezikwa Jumatatu, na hata yeye familia yake ilisita. Nitadanganya mengine, hili silidanganyi: tulifungwa. Wasichana wetu walipigana, lakini kila mpira uliorudi ubaoni ulichukuliwa na wasichana wa Highcrest waliohamahama, nao si wa kulaumiwa, ni watoto tu. Twila alikaa mwisho wa benchi na ndoo ya maji, magoti yakimfika kidevuni. Kila mpira ukirudi, mikono yake ilifunguka na kufumba peke yake. Niliona Ardith akiitazama mikono ile, si mchezo. Nikatamani kutapika juu ya beji zote zilizokuwa mstari wa mbele, wamekaa kwenye viti vyenye mito, wanakula karanga.

Sasa, Chama kina desturi. Mechi ikiisha, mkuu husimama katikati ya uwanja, kipaza sauti mkono wa kushoto, na kila mtu wa timu iliyofungwa, wachezaji na benchi lote, hupita mbele yake kumpa mkono. Kila mmoja anaambiwa maneno yale yale: "Umeshinda kwa nidhamu." Umati mzima unasikia. Hakuna kitu kichafu kuliko mkono ule: laini, vuguvugu, na hautoki kwake ila kukukumbusha kwamba ulifungwa.

Nami, kwa bahati, nilikuwa na kopo. Mafuta yalikuwa yamebaki tangu Agosti, na mimi si mtu wa kutupa chakula. Wakati wa dakika za mwisho nikajipenyeza nyuma ya benchi.

"Wajukuu zangu," nikanong'ona, "mmeshika mipira mingi leo, mikono imekauka. Chovyeni."

Walinusa, wakaelewa. Hakuna mtoto wa Zeleny asiyeijua harufu ile. Mwalimu Teply akageuka kutazama saa ya ukutani kwa makini sana. Wakachovya wote, mpaka wa akiba. Twila alikataa.

"Mimi sihitaji, Babu."

Wakapanga mstari. Wa kwanza akampa Stangland mkono. "Umeshinda kwa nidha..." Akasita, akatazama kiganja. Wa pili alikwisha kumshika. "Umeshinda..." Wa tatu. Akajifuta kwenye koti, koti likang'aa. Wa nne, wa tano. Hakuweza kuacha, jimbo zima lilikuwa linatazama, na desturi ni desturi. Mafuta yakamfika kifundoni, njia ile ile ya Oktoba, na nadhani kwa mazoea ulimi ulimtoka kidogo. Matone yakaanguka sakafuni. Mwalimu Teply akapita naye, akampa mikono yote miwili.

Wa mwisho akaja Twila. Akaweka ndoo chini. Akasimama juu ya sakafu ile, mrefu, katika nguo zake za kanisani, akanyoosha mkono mkavu.

Stangland alitaka kugusa tu aondoke. Lakini vidole vya Twila vilikwisha kukunjwa nyuma ya kiungo. Hakuminya. Alingoja.

"Umeshinda kwa nidhamu," akasema Stangland, akavuta mkono. Haukutoka. Akavuta tena. "Binti." Kipaza sauti kilikuwa wazi, kila pumzi yake ilitoka kwenye dari. "Binti, niachie." Akavuta kwa nguvu, viatu vyake vya ngozi vikapata yale matone, mguu mmoja ukaenda kwa Wacheki na mwingine ukaenda Highcrest, na mkuu wa Chama akakaa chini katikati ya uwanja kwa kishindo, akatoa sauti. Sitaki kutia chumvi. Ilikuwa sauti ya filimbi. Zeleny nzima iliitambua.

Hale akaja mbio kumwinua, akaukamata mkono wa pili, akateleza kwenye yale matone, akakaa naye.

Kipaza sauti kilibingirika mpaka miguuni pa Twila. Akainama, bado hajaachia, akakiokota.

"Wakubwa wa kamati, msinifungie tena," akasema kwa adabu. "Sijamkamata mtu. Amejileta mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka. Hata wasichana wa Highcrest walikuwa wamekaa chini kwa kucheka. Nikamtazama Ardith. Alikuwa amesimama juu ya kiti, mwanamke wa urefu ule, mikono kifuani, anamtazama binti yake pale alipotaka kumwona. Kisha akanigeukia, akimwonyesha Stangland kwa kidevu pale sakafuni.

"Miaka yote ile, Lad, waliniambia kitu kitadondoka," akasema. "Kumbe ni huyu."